"Umepataje?": maana ya swali la kufikirisha katika Hisabati

"Tano mara nne?" Darasa zima linaitikia, "Ishiriniii!" "Tumeelewana?" "Ndiyo mwalimuuu!" Kengele inalia, kipindi kimekwisha. Maswali yameulizwa mengi na yote yamejibiwa, ila mwalimu anatoka bila kujua mtoto hata mmoja alikuwa anawaza nini.

Swali la kufikirisha ni lile ambalo mtoto halijibu kwa kukumbuka tu. Inambidi alinganishe, akadirie, ajaribu njia, au aeleze kwa nini njia yake inafaa. Si lazima liwe gumu. "Tano mara nne ni ngapi?" linapima kumbukumbu. "Ukisahau tano mara nne, utaipataje?" linaamsha akili, ingawa jibu ni ishirini ile ile. Mmoja atajumlisha tano, tano, tano, tano. Mwingine atasema tano mara mbili ni kumi, basi kumi na kumi. Huyu wa pili amegusa jambo kubwa la kuzidisha, kwamba nne waweza kuigawa mbili na mbili, kabla hajafundishwa jina lake. Jedwali likaririwe, sipingi hata kidogo, lakini kukariri peke yake hakumwonyeshi mtoto namba zinavyohusiana.

Swali la aina hii hung'aa zaidi pale mtoto anapokosea. Chukua 52 kutoa 38. Watoto wengi wa madarasa ya chini huandika 26. Mwalimu mwenye haraka anachora mkasi mwekundu, yaani alama ya kosa, na kusonga mbele. Mwingine anainama dawatini na kuuliza, "Umepataje?" Mtoto anaeleza: "Nane kutoa mbili, sita. Tano kutoa tatu, mbili." Kumbe hakubahatisha! Ana kanuni yake: kubwa itoe ndogo, haidhuru ipi iko juu. Kanuni hiyo mkasi mwekundu hauigusi, na kesho itarudi.

"Haya, ulikuwa na machungwa 52, umeuza 38. Yaliyobaki tukiyachanganya na uliyouza, tupate mangapi?"

"52."

"Sasa 26 na 38?"

Anajumlisha pembeni ya daftari. 64. Ananyamaza, anaangalia, kisha anasema kwa sauti ndogo, "Yamezidi." Hakuna aliyemwambia amekosa, amejionea mwenyewe. Hapo ndipo vijiti vinapoletwa: mafungu matano ya kumi kumi na viwili vya peke yake. "Unataka kutoa nane na unavyo viwili. Utafanyaje?" Akifungua fungu moja kwa mkono wake, anapata 12, anatoa 8, vinabaki 4, mafungu yamebaki 4, anatoa 3, linabaki 1. Kumi na nne. Neno "kukopa" sasa lina maana kwake.

Lakini "umepataje?" isiulizwe kwa waliokosa tu. Ikiwa hivyo, watoto wataizoea kama tangazo la kosa, na utawaona wanashika kifutio kabla hujamaliza kuuliza. Aliyepata naye aulizwe, tena kwa sura ile ile. Mara nyingine jibu sahihi limekaa juu ya njia mbovu, na hutajua mpaka umsikie.

Halafu kuna kungoja. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi vipindi vya sayansi katika shule za msingi na kukuta kwamba walimu walingoja wastani wa sekunde 1 hivi baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na walionyamaza kabisa wakapungua. Sisi tunalijua hili nyumbani. Bibi akisema "Kitendawili!" nasi tukajibu "Tega!", halitoi jibu papo hapo. Anatuacha tuhangaike, tukisie, tukose, mpaka tushindwe na kumpa mji. Kwa nini darasani tuwe na pupa?

Najua mtu atasema: nina watoto themanini, nitamsikiliza nani? Ni kweli, wote huwezi. Uliza swali moja, wape muda kimya, kisha waambie kila mmoja amweleze jirani yake wa dawati alivyofikiri. Wewe pita katikati, tega sikio kwenye madawati matatu au manne, halafu waite ubaoni wawili wenye njia tofauti. Darasa liulizwe: "Hizi njia zinafanana wapi?"

Wala huhitaji kitabu kipya. Geuza swali lililopo. Badala ya "3 × 8 = ?", andika ubaoni: "Jibu ni 24. Swali ni lipi?" Wa kwanza wataleta 20 + 4 na 6 × 4. Ukisubiri kidogo, yupo mmoja huko nyuma, asiyezoea kunyoosha kidole, atakayekuja na 100 − 76.