Je, mkataba wa kutunza siri unaweza kukuzuia kuripoti uhalifu?

Tuseme wewe ni mhasibu wa kampuni fulani Industrial Area, Nairobi. Unaambiwa kazi imeisha. Mezani kuna hundi ya mishahara ya miezi sita, na kando yake mkataba wa kutia sahihi. Ukurasa wa mwisho unasema hutatoa "taarifa yoyote ya kampuni, kwa mtu yeyote, wakati wowote". Nawe unajua kampuni imekuwa ikilipa ankara za saruji ambayo stoo haikupokea hata mfuko mmoja. Ukitia sahihi, umejifunga mdomo hata mbele ya polisi?

Hapana. Mkataba wowote hupata nguvu zake kutoka kwa sheria, na mahakama haiwezi kutumia nguvu hizohizo kuficha uvunjaji wa sheria. Msimamo huu ni wa zamani. Mwaka 1856, katika kesi ya Gartside dhidi ya Outram huko Uingereza, madalali wa sufu walitaka karani wao wa zamani anyamazishwe. Karani alidai kwamba walikuwa wakiwapunja wateja. Jaji Wood alisema hakuna siri inayolindwa pale kinachofichuliwa ni uovu. Sheria yetu ya Mikataba inafuata kanuni za Uingereza kuhusu mikataba, kwa hiyo wakili katika mahakama za Milimani, Nairobi, anaweza kuitaja kesi hiyo hadi leo.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba anayepokea, au hata kukubali kupokea, mali au faida yoyote kwa maelewano kwamba ataficha kosa kubwa la jinai, au atazuia ushahidi wake, naye ametenda kosa. Kosa kubwa kwa kawaida ni lile lenye kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Basi itazame tena ile hundi. Kama ni malipo yako halali ya kuachishwa kazi, ni haki yako, chukua. Kama ni bei ya kunyamazia wizi, karatasi uliyoambiwa itakulinda inaweza kugeuka ushahidi dhidi yako. Na kama ulikuwa na cheo chenye mamlaka na jambo lenyewe ni hongo, Sheria ya Hongo ya 2016 inakutaka uripoti ndani ya saa 24.

Yapo makosa ambayo sheria inaruhusu watu wapatane. Mkikwaruzana na jirani mkapigana ngumi, mahakama inaweza kuwahimiza mmalizane. Dhuluma ya kingono si mojawapo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka hauko mikononi mwa mwathiriwa, familia wala wazee. Uko kwa mwendesha mashtaka wa serikali. Karatasi ya "tumeelewana" iliyotiwa sahihi sebuleni haifungi faili la polisi, hata kama pesa zimeshapokewa, na inaniuma kuona familia zikiamini kwamba inalifunga.

Kwa siri za kazini, ngao kubwa ni kifungu cha 16 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kinakataza mtu kuadhibiwa kazini kwa kutoa taarifa aliyoipata kwa siri, mradi ni kwa maslahi ya umma. Ukiipeleka kwa chombo cha kutekeleza sheria au ofisi ya umma inayohusika, inahesabiwa moja kwa moja kuwa ya maslahi ya umma.

Ngao hiyo haikuwapo wakati wa David Munyakei. Alikuwa karani wa Benki Kuu, pale Haile Selassie Avenue, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona mamilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, madini ambayo Kenya haikuwa nayo kwa kiasi hicho, akatoa nyaraka. Alikamatwa mwaka 1993 na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yalitupwa, lakini kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006. Nchi hii ina deni kwake.

Kwa hiyo angalia unakoipeleka habari. Kuandikisha ripoti kituoni na kupewa namba ya OB (daftari la matukio la polisi), au kwenda DCI (idara ya upelelezi wa jinai), au Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ambayo hupokea ripoti mtandaoni bila jina lako, ni tofauti kabisa na kuanika nyaraka TikTok. Huko unaweza kushtakiwa kwa kuchafua jina la mtu, na mwajiri anaweza kudai kwamba umetoa siri halali: orodha ya wateja, bei, fomula ya bidhaa. Hizo mkataba unazilinda kweli. Chukua tu nyaraka zinazohusu kosa lenyewe.

Na kabla ya kutia sahihi, omba sentensi hii iongezwe: "Hakuna chochote katika mkataba huu kinachomzuia mfanyakazi kuripoti uhalifu kwa mamlaka, kutoa ushahidi au kupata ushauri wa wakili." Wakikataa, usitie sahihi siku hiyo. Omba nakala, mpelekee wakili aisome kwanza.