Risiva ya zamani inayosahau stesheni: dhana potofu na ukweli

Risiva nyingi za stereo za miaka ya 1980, zile zenye tarakimu zinazowaka mbele, huja kwa fundi na lalamiko lilelile: sauti safi, FM inashika vizuri, lakini umeme ukikatika kidogo tu stesheni zote zinafutika. Wenye nazo wengine wameshaambiwa waziuze kama chuma chakavu. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichokufa ni kipande kisichozidi kifungo cha koti.

Dhana: "Ubongo wa mashine umekufa."
Hifadhi stesheni tatu, kisha hama kutoka moja hadi nyingine kwa saa nzima bila kuizima. Zikibaki, chipu inayohifadhi stesheni, yaani huo "ubongo", ni nzima. Kinachokosekana ni akiba ya umeme ya kuilisha chipu hiyo plagi inapochomolewa.

Dhana: "Ni betri tu, weka ya saa."
Baadhi zina betri kweli. Nyingi, hata hivyo, hutumia kapasita (kipande kinachohifadhi chaji ya umeme) maalumu ya kumbukumbu, aina ambayo kampuni ya NEC ya Japani iliingiza sokoni mwaka 1978. Soma maandishi yake: kwa kawaida ni 5.5V, pamoja na 0.047F, 0.1F au 0.22F (F ni faradi, kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji). Ukichomea betri ya lithiamu ya saa mahali pake, risiva itajaribu kuichaji kila ikipata umeme. Betri hiyo haikuundwa kuchajiwa. Inaweza kuvuja, hata kupasuka.

Dhana: "Kapasita yoyote ya volti hizo inatosha."
Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme chipu iliyolala inakula mikroampea 1 (sehemu ya milioni ya ampea), na inakumbuka mpaka volti zishuke kutoka 5 hadi 2. Kapasita ya 0.1F itaihudumia sekunde 300,000, yaani siku tatu na nusu hivi. Ya 0.22F itafika wiki moja. Sasa chukua kapasita ya kawaida ya mikrofaradi 1,000, yaani 0.001F, ambayo kwa macho inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo: sekunde 3,000, dakika 50 basi. Ukubwa wa umbo hauna maana, soma namba. Na zile kapasita mbili nene karibu na transfoma hazihusiki na kumbukumbu kabisa. Usiziguse, zinaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Dhana: "Nikishabadilisha, kazi imekwisha."
Kapasita iliyozeeka huweza kuvuja, na majimaji yake hula njia za shaba kwenye bodi. Ukiona kutu ya kijani au lehemu iliyofifia, safisha kwa spiriti na mswaki laini, kisha pima kila njia kwa mita. Iliyokatika iunge kwa waya mwembamba. Kabla ya kuchoma lehemu, hakikisha umejua upande wa hasi, maana kapasita hizi zina chanya na hasi.

Ukimaliza, iache kwenye umeme saa kadhaa. Chaji huingia polepole kwa sababu hupitia rezista, kipande kinachobana mkondo wa umeme, kwa hiyo ukichomoa plagi baada ya dakika tano ukakuta stesheni zimepotea, bado hujaijaribu.