Seva haijafa, waya ndio haukupishana

Fundi mwenzangu wa Mwembe Tayari aliniletea seva kuukuu ya kampuni ya Sun: "Imekufa hii, skrini haionyeshi kitu." La hasha! Seva nyingi za aina hiyo hazina hata tundu la skrini. Huzungumza na kompyuta nyingine kupitia poti ya siriali, tundu linalopitisha data biti moja moja. Na waya kuingia tunduni hakutoshi. Kwenye plagi za pini 9, pini ya 2 ya kompyuta lazima ifike pini ya 3 ya seva, na ya 3 ifike ya 2. La sivyo zote mbili zinasema, hakuna inayosikia. Tukaweka waya unaopishanisha pini hizo, na kwenye kompyuta tukapanga mawasiliano: kasi 9600 (biti kwa sekunde), biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa). Nikabonyeza Enter: "login:" hiyo! Ila usichomoe waya ovyo, baadhi ya Sun husimama papo hapo. Ukiona "ok", ndiyo imesimama; andika go iendelee.