Protini za maharage, si protini ya maharage

“Protini tupu hiyo, mama!” Ndivyo maharage yanavyonadiwa sokoni Kasulu, na karanga vilevile huko Tabora. Tupu si kweli: kilo moja ya maharage makavu ina gramu 200 hadi 250 hivi za protini, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni wanga. Hilo tuliache. Kinachokera ni neno lenyewe kutamkwa kana kwamba protini ni kitu kimoja, kama chumvi.

Maana yake kwa haraka: protini ni molekuli ndefu ya asidi amino zilizoungana kama shanga kwenye uzi, kisha uzi ukakunjwa ukapata umbo. Aina za shanga ni 20. Badili mpangilio, umbo hubadilika na kazi nayo.

Kosa lilizaliwa pamoja na jina. Mwaka 1838 mkemia wa Uholanzi, Gerardus Johannes Mulder, alichunguza ute wa yai, damu na vitu vingine, akaona viambato vyake vinakaribiana mno, akahitimisha kwamba vyote vina kiini kimoja. Jina alipewa kwa barua na mkemia mwenzake, Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi, kutokana na neno la Kigiriki proteios, yaani chenye nafasi ya kwanza. Mulder aliamini mimea hukitengeneza kiini hicho, wanyama wakakila kikiwa tayari. Kiini hicho hakikuwepo. Wazo likaachwa, jina likabaki. Nasi tukalibandika “chakula cha kujenga mwili”, mpaka mtu akadhani mharage hujaza punje zake kwa ajili yetu.

Hujaza kwa ajili ya mche. Karibu nusu ya protini za punje ya maharage ni faseolini, nayo ni akiba ya naitrojeni, basi. Chomoa mche siku chache baada ya kuota: yale mapande mawili ya punje yamepanda juu ya udongo, manene bado. Baadaye yatasinyaa, yakunjamane, yadondoke. Faseolini imekatwakatwa na vimeng'enya (navyo ni protini) na kupelekwa kwenye majani na mizizi ambayo bado haijapata vinundu vya bakteria wa kuipatia naitrojeni ya hewani.

Nyingine ni walinzi. Maharage yana protini inayozuia kimeng'enya cha kusaga wanga tumboni mwa mdudu, ndiyo maana yule anayebungua kunde hawezi kukulia ndani ya maharage hata magunia yakipangwa pamoja. Ukikuta maharage yamebunguliwa, huyo ni mdudu mwingine, ambaye kizuizi hicho hakimsumbui. (Wala si dumuzi, ambaye Afrika ilimgundua kwanza huko Tabora. Huyo ni wa mahindi na makopa.)

Mlinzi mwingine ni lektini, anayegandisha pamoja chembe nyekundu za damu. Punje nne au tano mbichi za maharage mekundu zinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Loweka usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, kisha acha yatokote kwelikweli kwa dakika 10 za mwanzo, ndipo upunguze moto. Chungu kilichoachwa kwenye makaa yaliyofifia, maji yakiishia nyuzi 80, hulainisha maharage na kumwacha lektini mzima. Na wanaoogopa kwamba maji ya kuloweka yanaondoka na protini watulie: nyingi ni globulini, ambazo huyeyuka kwenye maji ya chumvi, si maji matupu. Kinachotoka ni kidogo.

Kwa hiyo lektini ni protini, na haijengi mwili wa mtu yeyote kabla haijachemshwa. Mabango ya lishe hayahitaji kufutwa. Palipoandikwa “protini ya maharage”, paandikwe “protini za maharage”. Ni herufi moja tu.