Ndengu za Kumea Nyumbani: Kula, Lakini Pika Kwanza

Juzi mama mmoja alikuja kliniki, mtoto mgongoni, akatoa kwa kiondo chupa ya jemu imejaa ndengu zilizomea, mikia myeupe imeshikana kama uzi, akaniuliza, "Daktari, wananiambia hizi zinaongeza damu, sasa nimpe mtoto hivi hivi ama nizipike?" Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini hapa Nairobi ukishavaa koti nyeupe wewe ni daktari. Nikamwambia azipike. Alafu nikaona heri niandike kabisa, manake swali hilo naulizwa sana na majibu mengine yanayozunguka kwa simu yatapeleka mtu hospitali.

Ndengu kavu ni kama imelala. Ukiiloweka inaamka, inaanza kula akiba yake ndiyo itoe mzizi, na hapo ndani mambo yanabadilika: vitamini C, ambayo kwa ndengu kavu ni kidogo sana, inapanda, zile sukari zinazojaza tumbo gesi zinapungua, na ile asidi ya faitiki inayoshikilia madini ya chuma na zinki mwili usiyapate nayo inavunjwa polepole. Sasa pale watu wanadanganyana ni kwa protini. Gramu 100 za ndengu kavu zina protini kama gramu 24, lakini gramu 100 za zilizomea zina kama gramu 3 tu, kwa sababu karibu asilimia 90 yake ni maji. Kwa hivyo usiache chapo ndengu ati siku hizi unakula za kumea. Hizi zihesabu kama mboga, zikae pale sukuma inakaa kwa sahani.

Na hiyo ya damu? Chuma inayotoka kwa mimea inaingia mwilini vizuri zaidi ikipata vitamini C, so weka nyanya, kamua ndimu ukishaepua, na ile chai tunayopenda kushushia chakula isogeze mbele kama saa moja hivi, manake majani chai yanazuia chuma. Lakini kama umepimwa ukaambiwa damu iko chini, meza dawa ulizopewa, bakuli ya mboga haiwezi kufanya hiyo kazi peke yake.

Uzuri wake ni kwamba hazitaki shamba wala jua, hata kwa zile ploti za mtaa wa Pipeline mtu anawasha stima saa sita mchana zitamea tu. Nunua ndengu za kula, zile za kung'aa wanaita nailoni ziko sawa, bora zisiwe zimekaa gunia miaka. Usiguse mbegu za kupanda kutoka agroveti, hizo nyingi zimepakwa dawa, ndiyo unaona zingine zina rangi ya pinki. Chukua nusu kikombe, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu, osha, loweka usiku kucha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Asubuhi mwaga maji yote, funika mdomo wa chupa na kitambaa safi cha neti, uilaze imeinama kidogo maji yaishe. Suuza asubuhi na jioni, na maji ya kusuuza usimwage, peleka kwa gunia la sukuma. Siku ya 2 ama ya 3 mikia imetoka, Julai kukiwa na baridi ongeza siku moja.

Maji yakibaki chini zinaoza, na hilo nalijua vizuri. Zangu za kwanza kabisa nilizifunga na kifuniko chake Ijumaa jioni nikaenda ushago matanga, kurudi Jumapili usiku nafungua mlango, jirani anauliza kama choo imeziba.

Hiyo ya harufu ni rahisi, utatupa. Shida ni bakteria ambazo hazinuki. Zinaweza kuwa zimejificha kwa mbegu yenyewe, na joto na unyevu unaomesha ndengu ndiyo huohuo unazizalisha, so kuosha mwishoni hakutoshi. Mwaka wa 2011 kule Ujerumani uwatu (ile mbegu ya kiungo) uliomeshwa ulileta ugonjwa wa bakteria inayoitwa E. koli, maelfu ya watu wakaugua na zaidi ya 50 wakafa, na hao walikuwa na friji na maji safi ya mfereji. Ndiyo maana mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee na mtu yeyote kinga yake iko chini asile mbichi kabisa, na hata wewe mwenye nguvu sioni haja. Kaanga kitunguu na nyanya, tupa ndani, geuza mpaka zitoe mvuke zote na zishike moto hadi katikati. Vitamini C kidogo itapotea, sawa, na ndimu si iko.

Kunde na kamande zinamea vilevile. Maharagwe mekundu acha, yana sumu yake ya asili ambayo kumea hakuimalizi, hayo ni ya kuchemsha mpaka yaive kabisa. Mtama pia usiumeshe ule kama mboga, chipukizi zake zinatengeneza sianidi.

Zikiwa tayari, kwa friji kaa nazo siku 2 ama 3. Kama huna friji pika zote siku hiyohiyo, na jioni loweka nusu kikombe kingine.