Hakuna Dawa ya Vinundu vya Mkaratusi

Kila msimu wa kupanda ombi ni lilelile: "Nipe dawa ya vinundu vya mikaratusi." Dawa hiyo haipo. Kinundu si ukungu. Ni mwili wa mti wenyewe uliovimba kumzunguka buu wa nyigu mdogo, Leptocybe invasa. Hata buu akifa leo, uvimbe utabaki na jani litabaki limejikunja mpaka lipukutike.

Jike, mwenye urefu wa milimita moja na ushei, hutoboa mshipa wa kati wa jani changa, kikonyo au kijiti laini na kutaga humo ndani. Baada ya wiki moja au mbili hujitokeza kovu gumu. Kinundu hukua hadi karibu milimita 2.7, kikiwa cha kijani, kisha waridi ya kung'aa, kisha chekundu kilichofifia. Mwisho huonekana tundu la duara: nyigu ameshatoka. Katika majaribio ya Israeli, kutoka yai hadi nyigu ilichukua siku 132 hivi, na akishatoka huishi siku chache tu. Dawa ya kupuliza humkuta hizo siku chache. Miezi minne na zaidi iliyobaki yuko ndani, haimfikii. Tena wengi hushika bomba wakishaona vinundu vyenye matundu. Hapo unapigia dawa nyumba ambayo mpangaji ameshahama, na unaua nyigu vimelea wanaomla adui yako bure.

Dawa inayofyonzwa na mizizi ina nafasi yake kitaluni, kwa kipimo cha kwenye lebo, kulinda machipukizi mapya. Shamba zima? Usipoteze hela.

Kuna na maneno mengine yanayosemwa kuhusu nyigu huyu, nayo si kweli. "Bila dume hawazaani." Jike hutaga mayai yanayotoa majike bila kupandwa. Mmoja tu anatosha kuanzisha balaa.

"Anauma watu." Hapana.

"Mikaratusi yote ni sawa." Si kweli hata kidogo. Aina ya Eucalyptus camaldulensis na mahuluti (machotara) yake mengi huumia vibaya. Mkaratusi wenye harufu ya limau (Corymbia citriodora) kwa kawaida haumpi makazi. Uliza aina kabla ya kuuliza bei.

"Upepo ndio umemleta." Upepo husaidia karibu karibu. Kutoka wilaya hadi wilaya, mdudu husafiri kwa pikapu iliyobeba miche. Alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002, Tanzania 2005, na bado watu wananunua miche bila kugeuza jani.

Geuza jani. Pitisha ukucha kwenye mshipa wa kati na kikonyo, hasa majani ya juu. Ukihisi uvimbe, upasue kwa wembe: buu mweupe asiye na miguu akionekana, kataa trei nzima, si mche mmoja. Ikiwa kitalu ni chako, ng'oa iliyoathirika, ifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uiache juani mpaka ikauke kabisa, au uichome. Usiitupe pembeni mwa kitalu. Vinundu vilivyokomaa huendelea kutoa nyigu hata tawi likiwa limekatwa.