Kisima cha Maweni: Chumvi, Naitreti na Vijidudu

Mashariki na kusini mwa Unguja, Makunduchi hadi Michamvi, sehemu kubwa ya ardhi ni maweni: udongo haba juu ya jiwe la matumbawe lililojaa nyufa. Maji ya mvua hushuka humo upesi, na yanayovuja kutoka makaro ya vyoo hupita njia zilezile bila kuchujwa vya kutosha. Kwa hiyo hatuwezi kuyaamini maji ya kisima kwa weupe wake, na ndipo vihisi, yaani vifaa vinavyotambua na kupima kilichomo majini, vinapohitajika.

Kihisi chepesi kuliko vyote hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi. Maji ya bahari husoma karibu mikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Maji baridi mazuri, yaani yasiyo ya chumvi, husoma mamia tu. Lakini kisima cha karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari. Kipimo cha wakati wa bamvua, maji yamejaa, hakilinganishwi na cha maji mafu, siku bahari isipojaa sana. Anayepima bila kuandika hali ya bahari anaharibu kazi yake.

Naitreti, kemikali inayotoka kwenye vinyesi na mbolea, hupimwa kwa elektrodi, yaani kijiti cha kupimia kwa umeme, yenye utando unaoitambua. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 50 kwa lita, kwani ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Tatizo ni kwamba kloridi ya maji ya chumvi huidanganya elektrodi hiyo isome juu, kwa hiyo katika visima vyetu jibu lake lazima lihakikishwe maabara.

Kihisi cha kibiolojia hutumia kitu kilichotoka kwa kiumbe hai: kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia), kingamwili (protini ya mwili inayonasa vijidudu) au bakteria mzima. Wenye kisukari wanakitumia kila siku, maana utepe wa kupimia sukari una kimeng'enya ndani yake. Mwanasayansi wa Marekani, Leland Clark, alieleza wazo hilo mwaka 1962. Kwa maji, kingamwili huweza kunasa E. koli, bakteria wa matumboni anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini. Ila maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100, na kumpata mmoja humo ni kazi ngumu kwa vihisi vingi. Kwa hiyo bado tunaotesha sampuli kwa saa 18 hadi 24, ili bakteria waongezeke na kuonekana.

Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi chumvi wala naitreti. Mvuke ukitoka, vyote viwili hubaki na kukolea. Mama anayemkorogea mtoto maziwa kwa maji ya kisima aulize kwanza jibu la naitreti, na amwonyeshe mpimaji karo la karibu liko wapi.